Shimo Lisilo na Sakafu

Kwa miaka mingi shemeji yangu alikuwa na kazi moja tu hapa duniani: kuunyima udongo pumzi. Aliuchimba, akaumwagia maji, akaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika, kisha akaushindilia kwenye kalibu, akaupiga kofi mgongoni na kuutoa ukauke juani. Ukishakauka aliupanga tanuri na kuuchoma mpaka hewa ya mwisho iutoke. Alikuwa fundi, hilo sitamnyima. Tofali lake ukiligonga kwa kidole linalia kama kikombe kizima. Watu walimwita Kalibu, na jina lake la kuzaliwa nadhani hata dada yangu alilikumbuka kwa kujikaza.

Mimi ni mdogo wa mke wake, kwa hiyo nina ruhusa ya kumtania, na ruhusa hiyo sijawahi kuiacha ilale njaa. Nashona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba iliyo ng'ambo ya uzio wao. Cherehani yangu inaelekea dirishani na dirisha linaelekea kwao, kwa hiyo mengi ninayosimulia hapa sikuambiwa. Niliyaona mguu ukiwa kwenye pedali.

Shamba alilokuwa akilichimba lilikuwa la mama yetu. Mama alimpa dada alipoolewa, kwa masharti ya mama, yaani alimpa lakini akaendelea kulilima yeye. Nyumba ilipotakiwa kujengwa akaruhusu kona moja ya chini ichimbwe matofali. "Kona," alisema, na akatembea mwenyewe kuonyesha mwisho wake. Kisha nyonga ikamshika. Kaka yetu akaja kumchukua akatibiwe mjini, na matibabu yakawa yale ya leo daktari, kesho mazoezi, keshokutwa subiri kwanza. Miaka ikapita mama akiwa ghorofa ya tatu kwa kaka, anatazama matangi ya maji ya majirani.

Huku nyuma kona ikapata ndugu. Huyu alitaka matofali ya choo, yule ya ukuta, watoto wa dada wakafika umri wa shule za bweni, na kila ada ilipodaiwa shamba likarudi nyuma hatua chache. Simsingizii shemeji ulevi wala anasa. Alichimba kwa ajili ya wanawe. Lakini udongo wa juu, ule mweusi ambao mama aliulisha majivu na samadi tangu tukiwa wadogo, haufai kwa tofali, basi aliutupa pembeni na mvua ikauchukua. Uliobaki ukafyatuliwa. Mwishowe shamba la mama likawa limesimama kuta mtaa mzima, na pale lilipokuwa pakabaki mashimo manne, yenye maji ya kijani wakati wa mvua na nyufa wakati wa jua.

Mama alipopiga simu aliulizia wajukuu kwanza, kisha akasema, "Na shamba langu?"

"Lipo, mama," dada alijibu kila mara.

Na kweli lilikuwepo. Ungeweza hata kuliegemea.

Nilikasirika, na hilo silipaki asali. Kuna jioni nilimwambia shemeji maneno ambayo hata kwenye utani hayana mahali pa kukaa. Aliyapokea yote, akaniuliza kama nimemaliza, akaenda kugeuza matofali yake upande wa pili. Hasira yangu ikazidi, maana hakuna kitu kinachochosha kama kugombana na mtu asiyejitetea.

Siku moja simu ikaja na dada akaiweka kwenye spika kama kawaida. Mama alisema foleni ya hospitali ikimfikia daktari atambadilishia nyonga ya pili, kisha atapumzika, na akishapona anarudi nyumbani moja kwa moja.

"Sitaki chumba kikubwa," alisema. "Nataka mahali pa kutia mkono kwenye udongo. Nioteshe mchicha wangu, bamia zangu, basi. Kama hakuna mahali, mniambie mapema, nibaki huku huku nikisubiri kufa na kuangalia matangi."

"Pako, mama," dada alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi namba moja.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni na kikombe cha chai. Alikiweka chini, akatoka, akaenda kusimama ukingoni mwa shimo la kwanza mikono kiunoni. Mimi nilikuwa nimekuja kuazima mkasi. Nilijiandaa kumchoma na maneno, lakini nilipomwona uso nikarudi kwangu bila mkasi. Mama alikuwa hajamkosea mtu yule hata siku moja. Alimpa binti, akampa shamba, na sasa alikuwa anaomba kipande cha kuoteshea mchicha.

Asubuhi iliyofuata hakuwasha tanuri. Alishuka shimoni, akalainisha sakafu yake kwa sururu, akamwaga mbolea ya kiwandani aliyoipata kwa jirani, akapanda mchicha. Fundi matofali ana methali moja tu maishani, "udongo uwahi ungali maji", na aliifuata hapo pia: alilima siku ileile mvua iliponyesha, udongo ukashikana kwenye jembe kama ugonjwa. Mchicha uliota wa njano. Mvua iliyofuata maji yalikaa juu kama kwenye sahani, na miche ikafa imesimama. Alipanda tena, ikafa tena. Mara ya tatu dada alimwomba apumzike, akamjibu kwamba atapumzika mama akishafika.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na kikundi cha wakulima waliojiita wakulima wa biodinamiki. Jina hilo lilikuwa linaumiza meno, kwa hiyo mtaa uliwaita Watu wa Pembe, kwa kuwa walikuwa wakienda kwa mchinjaji kuomba pembe za ng'ombe majike waliokwisha kuzaa. Wanazijaza samadi mbichi, wanazifukia ardhini msimu mzima wa baridi, kisha wanazifukua. Wapo walionong'ona mambo ya giza. Mchinjaji mwenyewe ndiye aliyewanyamazisha: "Mchawi gani anapanga foleni saa nne asubuhi, tena ananiuliza nyonga ya mke wangu imeendeleaje?" Hapana, ilikuwa goti. Nyonga ni ya mama. Nyumba yetu ilikuwa imejaa nyonga kipindi hicho.

Kiongozi wao alikuwa mjane mrefu, mpole wa maneno, aliyeitwa Mama Pembe na hakujali. Shemeji alikwenda kwake akiwa ameshika kofia mkononi. Siku hiyo hiyo mama huyo akaja, akashuka shimoni na viatu vyake vya kanisani au vya sokoni, vyovyote vilivyokuwa, akabandua bonge la udongo, akalinusa, akalivunja. Halikuvunjika. Akalipiga kwenye jiwe.

"Hapa huna shamba," alisema. "Una tofali kubwa ambalo hujalichoma."

Mimi huku dirishani nilitamani ningelisema mimi.

Akamweleza. Mbolea ya gunia, alisema, inaulisha mmea na kuuruka udongo, na udongo wake ulikuwa mgonjwa wa kulazwa. Shamba kwa watu wake ni kama mwili mmoja: ng'ombe, nyasi, wadudu, udongo na watu wanaokula hapo, kila kimoja kinamrudishia mwenzake. Kwa hiyo kwanza apate ng'ombe. Pili avunje kingo za mashimo ziwe miteremko, apande kunde na marejea, ile yenye maua ya njano, na isivunwe. Ikatwe ilazwe palepale ioze. Tatu ajenge lundo la mboji. Nne, pembe. Na tano, achimbe kishimo cha samadi, kina cha mkono, akizungushie matofali, ndani aweke samadi, maganda ya mayai yaliyotwangwa, vumbi la mawe, na majani na maua waliyoyachachusha wao kikundini.

Mpaka hapo shemeji alikuwa amekaa kama mwanafunzi aliyechelewa. Aliposikia matofali, akakaa vizuri.

Matofali ya tanuri la mwisho aliloliwasha aliyabadilisha na ng'ombe mwenye ndama. Kisha akajenga kile kishimo, na mimi nawaambia, sijaona kazi nzuri kama ile. Aliweka sakafu ya matofali, akaiziba kwa saruji. Akapandisha kuta kwa kamba na pima maji. Akapiga lipu ndani, akailainisha kwa mwiko mpaka ikawa inang'aa. Tulizunguka nyumba za mtaa kukusanya maganda ya mayai, na dada akayatwanga. Shemeji akaleta vumbi la mawe kutoka kwa wapasua kokoto, akachanganya vyote, akashindilia kwa miguu safu kwa safu, akafunika kwa gunia lenye maji. Jioni alikuja kwenye dirisha langu akijifuta mikono.

"Shemeji, hata mvua ya gharika haiingii mle."

"Na harufu je, haitoki?" nilimuuliza.

"Samadi ikishatulia hainuki."

Basi ikatulia. Wiki chache baadaye mteja wangu aliyekuja kupima gauni la harusi aliniuliza kama kuna kitu kimekufa nyuma ya kabati. Mwingine alirudisha sketi akidai imeshika harufu. Nilifunga dirisha, nikashona kwenye joto, na kila jasho lililonidondoka nililitaja kwa jina la Kalibu. Yeye alimlaumu ng'ombe. Kisha akalaumu maganda ya mayai. Siku aliyofika kulaumu maganda yaliyotoka kwangu, nilivuka kijito mwenyewe kwenda kumwita Mama Pembe.

Mama Pembe aliinua gunia, akatazama ndani, akaingiza kijiti, akakitoa. Halafu akashika uzio akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kalibu, mwanangu, umejenga tangi."

"Si ulisema matofali?"

"Nilisema uzungushie. Sikusema uweke sakafu. Na saruji nilikutajia saa ngapi? Matofali unayapanga makavu, yapumue. Chini unaacha wazi kabisa. Minyoo itapita wapi?"

Shemeji alitazama ile lipu yake. "Minyoo gani, mama? Huku chini ni udongo mgumu mtupu. Miaka yote nimechimba hapa sijakuta hata mmoja."

"Itakuja. Wewe usiifungie mlango."

Sijawahi kuona mtu akivunja kazi yake mwenyewe kwa adabu namna ile. Alikomba uozo wote kwa beleshi, akauanika, kisha akashuka na sururu na kuipasua sakafu kipande kwa kipande, akisita kabla ya kila pigo. Dada alitaka kumsaidia akakataa. Akabandua lipu. Akasafisha matofali, akayapanga upya makavu, yenye nafasi za kupitisha kidole, na mara hii alipojaza samadi hakuikanyaga. Nilimwona ameinua mguu mmoja kwa mazoea, akaushusha nje.

Kitu kilichomshinda zaidi, nadhani, ni kukoroga. Pembe zilipofukuliwa, samadi iliyokuwa ndani ilikuwa imegeuka nyeusi, laini, na harufu yake ilikuwa ya msituni baada ya mvua. Hata mimi nilinusa, na ninachagua sana. Kiganja kimoja kinatiwa kwenye pipa la maji ya mvua na kukorogwa saa nzima kwa mti mrefu: unazungusha upande mmoja mpaka maji yafanye shimo katikati, kisha unayakatisha ghafla na kuyageuza upande wa pili. Ukishaanza huachi. Jioni unachovya ufagio na kuyanyunyiza shambani kwa matone makubwa.

Siku ya kwanza anakoroga, akaja mtu na gari anataka matofali ya maduka manne. Alikuwa mteja wa kuota ndotoni.

"Fundi, tuzungumze haraka, nina safari."

"Nikimaliza hapa."

Yule mtu akasogea, akachungulia pipa. "Unakoroga nini?"

"Maji."

"Maji ya nini?"

"Ya mama mkwe," shemeji alisema bila kuinua kichwa, akayakatisha maji na kuyageuza.

Mteja alisubiri kidogo, akamtazama dada, akanitazama mimi dirishani, akapanda gari lake. Hakurudi. Dada alikuwa ameshika mlango, na najua hesabu aliyokuwa akiipiga kichwani, kwa maana mtoto wa mwisho alikuwa bado shuleni. Lakini aliuachia mlango. Alikwenda akasimama ng'ambo ya pipa, na mumewe mkono ulipochoka akaushika ule mti pamoja naye. Walikoroga hivyo mpaka mwisho.

Nilimuuliza Mama Pembe siku moja kama kweli ni pembe ndizo zinazofanya kazi, au ni samadi na jasho tu. Na hili la kikundi chake kupanda kwa kufuata mwezi je? Hakukasirika. "Mimi nafanya yote kwa pamoja, sijui kuyatenganisha," alisema. "Nasikia waliosomea kupima bado wanabishana. Waache wabishane. Ninachojua ni kwamba mtu anayekoroga saa nzima hawezi kwenda nyumbani bila kulitazama shamba lake." Jibu hilo sikulipenda sana, kwa sababu nilikuwa nimekuja kubishana.

Msimu wa kwanza hakuna la maana lililoonekana. Marejea iliota mifupa mitupu. Aliikata, akailaza, akapanda tena, na mara hiyo ikamfika kiunoni. Juu yake akamwaga mboji, na ile mbolea ya kishimo aliyokuwa akiiyeyusha kwenye maji. Shimo la kwanza akalipa nguvu zake zote, la pili akalipa zilizobaki, la tatu likawa linasubiri zamu. La nne, lililokuwa la chini kabisa, Mama Pembe alimwambia aliache liwe dimbwi.

Halafu asubuhi moja nimelaza kitambaa cheupe cha bibi harusi mezani, mkasi mkononi, mara mkono ukaingia dirishani na kitu kinachojikunja juu ya kiganja.

"Shemeji! Angalia! Shemeji, angalia!"

Nilipiga ukelele uliomtoa jirani. Ulikuwa mnyoo. Mnyoo mnene, wa rangi ya waridi, na tope lake, sentimita chache juu ya gauni la watu. Nilifungua mdomo nimtukane vizuri, nikaona macho yake yamejaa maji. Mwanamume mzima, mikono kama makoleo, analia kwa ajili ya mnyoo. Nikamwambia ni mzuri. Nini kingine ningesema?

Baada ya huo wadudu walikuja kwa fujo. Ukifunua majani unakuta minyoo, jongoo, na wale mende wa samadi wanaoviringisha mavi kama wana haraka ya kuwahi mahali. Dimbwini wakaingia vyura, wakatunyima usingizi. Juu ya dimbwi wakazagaa kereng'ende. Ndege ambao sikuwa nimewaona tangu mama aondoke walishuka asubuhi kuchokora, na marejea ikitoa maua nyuki wanavuma kiasi cha kushindana na cherehani. Mbu sitasema walipungua, chandarua changu sijakitoa. Lakini siku ya mvua kubwa niliweka macho kwenye shimo la kwanza. Maji yalitulia juu, nikasema haya sasa, sahani ile ile. Nikapinda pindo la suruali moja. Nilipoinua kichwa yalikuwa yamezama yote, na udongo umebaki mweusi, mlegevu, kama haukuonja kitu. Nikaacha kazi nikaenda kusimama juu yake. Mguu wangu ulididimia. Nilifurahi mpaka nikajionea aibu, nikarudi ndani kabla shemeji hajaniona.

Ndipo kaka akapiga simu: mama amepona, anamleta Jumamosi.

Hapo tukumbuke hali ilivyokuwa. Shimo moja zuri. La pili nusu nusu. La tatu bichi kabisa, jekundu, gumu, lenye nyufa. La nne la vyura. Na mama anajua kuna kona.

Dada na mimi tukapanga mambo. Kiti cha mama kitawekwa kwenye shimo la kwanza, chini kabisa, ambapo shemeji alikuwa amejenga njia ya mteremko ya matofali makavu kwa ajili ya fimbo yake. Kiti kitaelekea nyumba. Mahindi tuliyopanda ukingoni yataziba upande wa pili. Mama ataona mchicha, ataona bamia, atafurahi, na mengine ataambiwa polepole, akishazoea.

Shemeji alisikiliza mpango wote. "Hapana," alisema. "Mficha uchi hazai."

Nilimwomba methali hiyo asiitoe mbele ya mama mkwe.

"Nitamwonyesha mwenyewe. Yote."

"Akirudi mjini je?" dada alimuuliza. Sasa alikuwa analia. "Umehangaika miaka yote hii, kwa nini umfukuze siku ya kwanza?"

"Nilichimba akiwa hayupo. Siwezi tena kumficha akiwa yupo."

Jumamosi mama alishuka kwenye gari akiwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alitusalimia wote, akatumega moyo kwa kutuuliza mbona tumezeeka, na kabla hata ya chai akasema, "Haya, shamba." Kaka, aliyekuwa na haraka zake, akaaga kwamba atapita Jumapili kuangalia kama kuna kilichosahaulika, akaondoka.

Shemeji alitangulia, mama nyuma, sisi tukafuata kama watu wanaokwenda kusomewa hukumu. Hakusimama kwenye shimo la kwanza. Alilipita. Akalipita na la pili. Akasimama ukingoni mwa la tatu, akachuchumaa mbali kidogo na mama, macho chini.

"Mama, uliniachia kona," alisema. "Nikachimba shamba lote. Hili ndilo lilivyokuwa kila mahali. Lile pale nimejaribu kulirudisha. Lingine liko njiani. Hili bado, nitalianza na kunde mpaka minyoo irudi. Mwenye kosa ni mimi, mkeo, yaani binti yako, hana kosa."

Alikuwa amechanganyikiwa maskini, na hakuna aliyecheka.

Mama alitazama. Nilimwona akitafuta kwa macho mahali palipokuwa na matuta yake, akiyahesabu kwa midomo, na hayakuwepo.

"Lipo, mama," mama alirudia taratibu, akimgeukia dada. "Kila siku unaniambia lipo. Mngeniambia ukweli ningekufa?"

Dada alifunika uso kwa khanga. Mama akageuza fimbo yake kuelekea nyumba.

"Mwambieni kaka yenu kesho aje na nafasi kwenye gari."

Aliingia chumbani akafunga mlango. Chakula alikula kidogo, kwa heshima ya aliyekipika. Hakutazama hata mchicha. Dada alilia jikoni, na shemeji alikaa nje kwenye matofali yaliyobaki, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane sikuwa na utani wa kumpa. Nilikaa naye. Nilikuwa nimemkasirikia miaka mingi kwa kulichimba lile shamba, na sasa nilitaka kumkasirikia mama kwa kutoliona lililorudi, lakini ningewezaje? Lilikuwa lake.

Asubuhi dada akagonga mlango na chai. Kimya. Akafungua. Kitanda kimetandikwa, mama hayupo, fimbo haipo.

Tulianza na shimo la kwanza, tukidhani ameshuka kwenye kiti. Hakuwepo. Kisha tukasikia shemeji akipiga kelele kutoka mbali, "Shemeji! Njooni! Njooni mumtoe, mimi mkwe siwezi kumshika!"

Mama alikuwa ndani ya shimo la tatu. Ameshuka vipi, alijua yeye na Mungu wake. Nyuma ya gauni lake palikuwa pekundu kwa udongo, inaonekana aliteleza akikalia makalio kama mtoto. Alikuwa ameketi chini, miguu na nyonga zake mpya zimenyooshwa mbele, anabandua ule udongo mgumu kwa ncha ya fimbo. Pembeni yake alikuwa na konzi mbili za udongo mweusi kwenye ncha ya khanga, ambao bila shaka alipita kuuchota shimo la kwanza. Alikuwa anaumimina kwenye ufa, kidogo kidogo, na kuusukuma ndani kwa kidole.

Dada na mimi tukaruka chini, tukamshika huku na huku.

"Niacheni," alisema. "Nani amewaambia nataka kutoka?"

"Mama, utaumia. Njoo kule, kuna kiti, kuna mchicha umeshaota—"

"Kule kuna mwenyewe. Kule amelima mkwe wangu, nimeona, nimeushika udongo wake, na ni mzuri." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja hali ya hewa. Juu ya ukingo shemeji aligeuza uso pembeni. "Mimi nipeni hili. Mkwe!"

"Naam, mama."

"Umesema unaanza na kunde?"

"Kunde na marejea, mama. Lakini hapa ni pagumu, mwaka wa kwanza hutaona kitu. Wa pili kidogo. Labda wa tatu ndiyo—"

"Sijakuuliza miaka. Nimekuuliza mbegu. Lete, na jembe jepesi, na ushuke uniambie hayo mambo ya minyoo."

Simu ya dada ikalia mfukoni. Ilikuwa kaka, alikuwa tayari barabarani, anauliza kama mama amefunga mizigo. Dada akamtazama mama, simu sikioni.

Mama hakuinua hata kichwa. Alikuwa anatafuta ufa mwingine.

"Mwambie asije," alisema. "Nina kazi."